Taa iliyozimwa kabla ya wakati

Swali: Hujambo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Kisumu, na nimejiunga na kikundi kinachoigiza tamthilia teule katika shule za sekondari. Wenzangu walinifanya msimamizi wa jukwaa kwa sababu, walisema, sina sauti ya kuigiza. Wiki jana tukiwa katika shule moja Vihiga, nilimpungia mkono fundi wa taa ili ajiandae, naye akazima taa zote. Mama aliyekuwa akilia kando ya jeneza akaachwa gizani kabla hajasema maneno yake ya mwisho. Wanafunzi walipiga kelele na kucheka, na mwelekezi akanikaripia mbele ya watu. Naomba kujua: msimamizi mzuri hujuaje wakati hasa wa kutoa ishara? Na nitawaambiaje la kufanya watu walio na umri wa baba yangu? Wengine wananiambia kazi yenyewe ni ya kubeba viti tu.

Jibu: Mwanangu, pole kwa siku hiyo. Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale unaposema ulimpungia mkono ili ajiandae. Kwako mkono ule ulimaanisha "jiandae". Kwa fundi, aliyekaa gizani kidole kikiwa juu ya swichi, ulimaanisha "zima". Hakuna kati yenu aliyezembea. Mlikuwa hamjapatana lugha, na lugha hiyo hutungwa siku za mazoezi, si mbele ya ukumbi uliojaa wanafunzi.

Katika kazi hii kila ishara hupita hatua tatu, na wengi wetu huzitamka kwa maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kuzoeleka. Kwanza unamwonya fundi, labda dakika moja kabla, kwamba ishara i karibu. Ikibaki kama nusu ukurasa unasema, "Stendibai, taa kumi na moja," yaani kaa tayari kwa badiliko la taa lenye nambari hiyo katika orodha yenu, naye anajibu, "Stendibai." Kuanzia hapo hazungumzi, hatazami simu, haondoi macho kwenye mitambo. Mwisho unasema, "Taa kumi na moja… goo." Angalia kwamba goo inakuja baada ya nambari. Mkono wa fundi hulijibu neno la amri mara tu linapoingia sikioni. Ukisema "goo, taa kumi na moja", atakuwa amebonyeza kabla hujamtajia ni taa ipi. Na neno hilo halisemwi na mtu mwingine yeyote karibu na mitambo, hata kwa kusimulia tu habari za jana.

Miaka mingi iliyopita kikundi chetu cha Nakuru kiliamua kuendesha kila kitu kwa Kiswahili, na badala ya goo tukachagua "sasa". Tuliliona neno zuri, fupi, lenye kusikika. Usiku wa pili kijana aliyetuletea chai alifungua mlango wa nyuma akamsalimu fundi, "Sasa!" Fundi alikuwa kwenye stendibai. Jukwaa likaingia alfajiri ilhali mchezo bado uko usiku wa manane, na mwizi aliyekuwa akinyemelea dirisha akaonekana na ukumbi mzima. Tangu siku hiyo nashikilia kwamba neno la amri lisiwe na kazi nyingine pale mlipo. "Haya" kila mtu huisema. "Twende" ni ya makanga. Mkipata neno la Kiswahili lisilo na makao mengine midomoni mwenu, litumieni kwa moyo wangu wote. Mimi bado natumia goo.

Nambari nazo zina hatari yake katika lugha yetu. Mvua ikipiga mabati, "nne" na "nane" husikika kama neno moja, na "sita" na "tisa" hazitofautiani sana. Kwa hiyo katika orodha zangu hakuna taa ya nane wala ya tisa. Kutoka saba naruka hadi kumi, na vivyo hivyo kumi na saba hadi ishirini. Sauti nazipa herufi badala ya nambari, ili anayeshughulikia muziki asidhani ameitwa wakati ameitwa mwenzake wa taa.

Najua hamna vipokea sauti vya masikioni. Vikundi vingi havina. Katika kumbi nyingi za Uingereza msimamizi huwasiliana na mafundi wa mbali kwa taa ndogo mbili: nyekundu ikiwaka ni stendibai, ya kijani ikiwaka ni goo. Marekani hutumia zaidi taa moja, ikiwaka ni stendibai na ikizimwa ni goo. Nawe unaweza kufanya hivyo kwa tochi mbili za bei rahisi, moja umeifunika kwa karatasi ya nailoni nyekundu na nyingine kwa ya kijani. Fundi awe na tochi yake, akujibu kwa kuimulika mara moja chini anapoiona nyekundu. Asipojibu, hujampa stendibai, hata kama umewasha. Kujibu huko ndiko kulikokosekana Vihiga.

Sasa nije kwenye wakati wenyewe, maana hapa ndipo kazi hii inapokuwa sanaa. Umeniuliza msimamizi hujuaje wakati hasa. Huamuliwa mapema, kisha huandikwa. Chukua onyesho lenu la jeneza. Je, giza liingie juu ya neno la mwisho la yule mama, au baada yake? Likiingia juu ya neno, linamkata. Mtazamaji anahisi kifo kimefunga mlango usoni pake. Likingoja hesabu ya tatu, mtazamaji anabaki naye kimya, anamwona akiwa hana la kusema tena, ndipo giza linakuja kama huruma. Ni maombolezo mawili tofauti kabisa. Mwelekezi ndiye anayechagua, lakini wewe ndiye utakayelifanya litokee kila siku, kwa hiyo lazima umuulize, tena umuulize siku ya mazoezi ya taa na sauti: "Mwalimu, unataka giza juu ya neno au baada ya pumzi?" Akikujibu, andika alama kwenye silabi yenyewe. Kama ni baada ya pumzi, andika "hesabu 3". Kisha umtazame mwigizaji kwa maonyesho kadhaa, ujue anavyovuta pumzi. Mama huyo siku nyingine atalia zaidi, hesabu yako ya tatu itakuwa ndefu kidogo, nawe utaifuata pumzi yake badala ya saa.

Kumbuka pia kwamba kati ya kinywa chako na mwanga kuna safari. Unasema, fundi anasikia, anabonyeza, na kama taa inafifia kwa sekunde tano, giza kamili litafika sekunde tano baadaye. Ukitaka giza limalizike pamoja na neno, goo yako hutangulia neno. Wanaoanza wote husubiri kuona jambo ndipo waseme, na hivyo huchelewa. Ukipata nafasi, kaa na fundi mkirudia kipande hicho kimoja mara kumi bila waigizaji, wewe ukisoma maneno yao kwa sauti. Katika mazoezi ya ishara tunaruka kurasa nzima zisizo na ishara. Waigizaji huchoka na kunung'unika, lakini siku hiyo si yao, ni yako na mafundi.

Haya yote yanahitaji daftari. Huenda umepewa nakala ya mchezo umeikunja mfukoni. Itoe huko. Tafuta faili gumu, utoe fotokopi ya kila ukurasa upande mmoja tu, ili kila ukurasa wa maneno ukabiliane na ukurasa mtupu. Kwenye ukurasa mtupu unaandika nani anaingia wapi, anasimama wapi, anabeba nini. Kwenye ukurasa wa maneno unaweka ishara, kila moja na onyo lake na stendibai yake, ukipiga mstari kwa rula hadi kwenye neno husika. Tumia penseli. Mwelekezi atabadili mawazo Jumatatu, ayarudishe Jumatano, na kalamu ya wino itakufanya umchukie bure. Kipimo changu cha daftari zuri ni kimoja: ukipata malaria leo asubuhi, mtu mwingine anayejua kusoma aweze kuliendesha onyesho jioni akiwa na daftari hilo peke yake.

Upande wa kulia na kushoto wa jukwaa ni wa mwigizaji anapowatazama watu, si wa mtazamaji. Hilo umeshafundishwa, bila shaka. Ila nyinyi mnaigiza kwenye mabwalo ya chakula, leo mlango wa jikoni uko hapa na kesho uko kule. Daftari lako libaki na kulia na kushoto, lakini mkifika tu shuleni, kabla ya kushusha mzigo, waite wote msimame mahali pa kuigizia useme kwa sauti: "Leo kulia ni jikoni, kushoto ni geti." Nimeona mtu mzima mwenye tajriba akiingia kupitia harusi wakati alipaswa kuingia kupitia matanga, kwa kuwa asubuhi walikuwa shule nyingine na hakuna aliyesema sentensi hiyo.

Kwa vifaa, katika ukumbi wa kudumu tunaweka meza nyuma ya pazia, tukaitandika karatasi na kuchora umbo la kila kitu: kikombe hapa, barua hapa, bakora hapa. Umbo likiwa tupu, kuna kitu hakipo, na unaliona hata kwa mwanga mdogo. Kwa kuwa nyinyi ni wa kusafiri, chukueni shuka kuukuu la rangi moja, mchore maumbo hayo kwa rangi ya mafuta, mlikunje na kulikunjua juu ya meza yoyote mtakayopewa. Unakagua kabla ya onyesho na baada yake. Mwigizaji akichukua kifaa, anakirudisha mwenyewe kwenye umbo lake. Mwingine hagusi kisicho chake. Panga na visu ni vya butu daima, na vinakaa nawe, si mezani. Na usiazime panga la jikoni la shule hata dakika ya mwisho, afadhali mwigizaji aingie na fimbo.

Juu ya watu wa rika la baba yako. Heshima yako kwao na kazi yako havigombani, ukijua kuvipa nafasi tofauti. Mwite mzee, umwamkie, umpishe kiti. Lakini wakati wa kuita, mwito ni mmoja kwa wote. Kwa desturi ya Uingereza mwito wa nusu saa hutolewa dakika 35 kabla ya pazia kufunguliwa, wa robo saa dakika 20, wa dakika tano dakika 10 kabla, kwa sababu wanahesabu hadi dakika ambayo wa kwanza kuingia huitwa kwenye nafasi zao, dakika tano kabla ya kuanza. Marekani huhesabu hadi pazia lenyewe, nusu saa ni dakika 30. Chagueni moja, ilimradi kila mtu ajue ni ipi. Shuleni ambako mkuu wa shule anaweza kuongeza hotuba ya nusu saa, mimi huita upya kuanzia mwalimu wa zamu anaponihakikishia kwamba wanafunzi wameketi. Na kila mwito hujibiwa. Unasema, "Dakika kumi!" nao wanasema, "Kumi, asante." Bila jibu hujui kama umesikika.

Hapa kuna jambo nitakalokuomba ulifanye. Mwendee mzee mkubwa kuliko wote katika kikundi chenu, faraghani, kabla ya onyesho lijalo. Mwambie: "Baba, naomba msaada wako. Nikiita dakika, nijibu wewe wa kwanza." Usimweleze zaidi. Yeye akijibu, nani mdogo wake atanyamaza? Nilifanya hivyo nikiwa na miaka 23, na mzee yule alijibu miito yangu kwa miaka kumi, hata siku alizokuwa hana hamu na mtu yeyote. Usiongeze sauti, wala usiseme "naombeni jamani tafadhali mtoke". Sema, "Wa onyesho la kwanza, jukwaani." Sauti tulivu yenye habari kamili watu huifuata, na mwenye habari kamili ni mwenye daftari.

Nyinyi watu wa huko Magharibi mna mwenzenu mwingine wa kupanga naye, mvua. Nimeigiza Kakamega na Kisumu kiasi cha kujua kwamba alasiri ikifika wingu hujikusanya, na mabati yakianza kulia hakuna koo litakaloshindana nayo. Msingoje itokee. Kaa na mwelekezi mweke alama ya vituo ndani ya daftari, sehemu nne au tano ambapo mchezo unaweza kusimama bila kuvunjika: mwisho wa wimbo, mtu anapotoka, mlango unapofungwa. Mvua ikikatiza, waigizaji wanaendelea hadi kituo kilicho karibu, wapiga ngoma wanaingia, na wimbo unaimbwa mpaka mvua itulie. Kisha unawaambia wote mstari mtakaoanzia, neno kwa neno. Stima ikipotea, sheria ni nyingine: kila mtu asimame alipo, asitembee, maana gizani kuna nyaya na ukingo wa jukwaa. Unatoka wewe na tochi, unawaambia wanafunzi wakae palepale, ndipo mnaamua juu ya jenereta. Umeme ukirudi wenyewe, usiruhusu mtu kuendelea mpaka umemhesabu kila mwigizaji.

Na milango. Tafadhali nisikilize vizuri kwenye milango. Ukumbi wa Iroquois mjini Chicago ulishika moto tarehe 30 Desemba 1903 katikati ya onyesho la mchana, wiki chache tu baada ya kufunguliwa, na watu zaidi ya 600 wakafa. Taa ilitoa cheche zikashika pazia, pazia la usalama lililopaswa kushuka likakwama, na baadhi ya mageti ya ngazi yalikuwa yamefungwa kwa kufuli ili walionunua tiketi za bei nafuu wasishuke kwenye viti vya bei ghali. Nimeshaingia katika mabwalo yetu nikakuta milango miwili kati ya mitatu imefungwa kwa kufuli ili wanafunzi wasitoroke wakati wa mchezo. Sababu ni nyingine, kufuli ni lile lile. Msimamizi wa jukwaa ana haki ya kusema: hatuanzi mpaka mlango huu ufunguliwe. Iseme kwa adabu, umtafute mwalimu wa zamu, muweke kiranja kila mlango badala ya kufuli. Mkuu wa shule akikasirika, mwelekezi wako asimame nawe. Asiposimama nawe, bado usitoe goo ya kwanza. Mambo mengine yote niliyokuandikia unaweza kuyarekebisha kesho yake. Hili huwezi.

Wanaokuambia kazi ni ya kubeba viti hawajakosea kabisa, ila hawajatazama viti vikibebwa vizuri. Huenda uliwahi kushiriki tamasha la drama la shule na vyuo, ambalo limekuwapo nchini tangu 1959. Basi umeona watoto wa kidato cha pili wakijenga kijiji kizima jukwaani kwa dakika chache, majaji wakiwatazama. Nyuma ya hayo kuna mtu aliyeandika nani anaingia na kiti gani, anatoka na meza gani, ili asiwepo anayetembea mikono mitupu na wasiwepo wawili wanaogongana mlangoni. Ukibadilisha jukwaa kwa sekunde 20 badala ya dakika mbili, mtazamaji habanduki kwenye hadithi. Andika hilo nalo ndani ya daftari, na weka alama za tepu sakafuni kwenye miguu ya kila kiti.

Baada ya kila onyesho andika ripoti fupi usiku huo huo. Mlianza saa ngapi, mlimaliza saa ngapi, kila sehemu ilichukua dakika ngapi, nini hakikwenda. Andika tukio, usiandike tabia ya mtu. "Barua haikuwa mezani onyesho la tatu" inatosha. Usiandike kwamba fulani ni mzembe. Muda wa kila sehemu utakuonyesha mengi: mchezo uliokuwa wa dakika 80 ukianza kufika 88, kuna mtu ameanza kufurahia vicheko na kuviongezea maneno. Ni kazi yako kumrudisha, polepole, kwa sababu mchezo ukishafunguliwa mwelekezi amemaliza sehemu yake, na anayeutunza ubaki ule ule aliouacha ni wewe. Katika vikundi vyenu mwelekezi mara nyingi yumo ndani akiigiza, hawezi kuona anachofanya yeye mwenyewe. Mwambie naye.

Kuhusu kukaripiwa mbele ya watu, mwelekezi alikosea, na natumaini atajua. Lakini usiingoje samahani yake. Kabla hamjaenda shule ijayo, mwombe saa moja tu, yeye, wewe na fundi wa taa. Nendeni na daftari. Fungueni ukurasa wa jeneza, umuulize swali lile la neno au pumzi, uandike jibu mbele yake kwa penseli. Kisha rudieni kipande hicho, stendibai, jibu, nambari, goo, mpaka fundi akwambie amechoka, halafu mara mbili zaidi. Siku ya safari fika kwenye gari kabla ya wengine, shuka la vifaa likiwa kwapani na tochi zikiwa na betri mpya.